Maji ya Panya Namba Sita

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Leo naanza shajara. Watu wakubwa wote huandika shajara. Siku nikiwa mkubwa watu watataka kujua nilianzia wapi, na nikimwachia mke wangu asimulie, nimekwisha.

Habari yenyewe ni hii. Daktari ametuita maabara, mimi na mwanyumba wangu, akatuambia kwamba nyumba ya panya itapata msimamizi wa kudumu. Mmoja tu! Msimamizi atashika funguo na kukaa kwenye ile ofisi yenye dirisha. Atakayebaki atashuka chini kwenye chumba cha kuoshea vioo, ambako hakuna dirisha wala panya, kuna mvuke tu. Usaili ni Ijumaa ya wiki ijayo. Kila mmoja wetu atazitaja kwa kichwa hatua zote thelathini za mwongozo wa kazi, kisha atazifanya Daktari akiona.

Thelathini. Mimi nikitumwa dukani vitu vitatu narudi na viwili, na kimoja si chenyewe.

Mwanyumba, kwa faida ya watakaosoma baadaye, amemwoa mdogo wa mke wangu. Tumeoa nyumba moja, tunafanya kazi chumba kimoja, na tuna mama mkwe mmoja, ambaye anaishi kwangu, anakula kwangu na anamsifu yeye. Yeye anamwita "mwanangu". Mimi ananiita "huyu". Mwanyumba hupanga kalamu zake mezani kwa kufuata urefu. Mtu wa namna hiyo hatua thelathini kwake ni kifungua kinywa.

Mimi nitatumia akili. Bado sijajua akili ipi.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Daktari ametueleza utafiti kwa mara ya tatu. Nimeelewa hivi. Ndani ya ubongo kuna seli. Kwenye seli kuna vilango vidogo. Kwenye vilango inapita kalsiamu. Ikipita kwa kiasi, panya anajifunza. Panya akizeeka vilango vinalegea, kalsiamu inaingia ovyo, na panya anasahau. Sasa kuna dawa ya kuvifunga. Nikauliza, vikifungwa si ndiyo atasahau zaidi? Daktari akasema inawezekana. Nikauliza, au atakumbuka? Akasema hilo nalo linawezekana, ndiyo maana tunafanya utafiti. Nilitoka pale najua kidogo kuliko nilivyoingia.

Tuna panya ishirini na wanne, vikongwe watupu. Kumi na wawili wanakunywa kwenye chupa zenye vifuniko vya buluu. Hao ni wangu. Kumi na wawili wana vifuniko vyekundu, wa mwanyumba. Rangi moja ina dawa, nyingine ni maji matupu. Ipi ni ipi? Daktari mwenyewe hajui. Aliyechanganya ni mfamasia wa ghorofa ya juu, akaandika siri kwenye bahasha, akaigundisha. Mtu anaficha jibu ili asilijue mwenyewe! Nilidhani nimesikia vibaya, lakini sivyo.

Kazi yetu, tangu wiki iliyopita, ni kuwafundisha. Kuna beseni kubwa la duara, limejaa maji yaliyotiwa maziwa ya unga yasionyeshe ndani. Mahali fulani chini ya maji kuna kijukwaa. Panya anatiwa majini, anaogelea, anatafuta pa kusimama. Ukutani kuna picha kubwa, pembetatu na duara na nyota, azitazame ajue yuko upande gani. Sisi tunapima sekunde.

Mwanyumba akishamtia panya wake majini anakimbilia nyuma ya pazia na kuchungulia kwenye tundu. Mwanamume mzima! Nadhani anawaogopa. Mimi sijifichi. Goti langu la kulia linauma, kwa hiyo naketi kwenye stuli, hapo hapo kando ya kijukwaa, nimetulia.

Matokeo ya leo: panya wa mwanyumba, wastani wa sekunde hamsini na moja. Wangu, kumi na nne! Namba sita, mzee aliyekatika nusu ya mkia, ametumia sekunde sita tu. Sita, kwa sita!

Mwanyumba alizitazama namba zangu muda mrefu akasema hongera kwa sauti ya mtu mwenye jino bovu.

Jumatano, tarehe 5 Machi

Nimeipata akili.

Panya wa buluu wanakumbuka. Kwa hiyo buluu ndiyo dawa. Namba sita kwa hesabu ya panya ana kama miaka sabini. Mimi nina arobaini na tisa. Kama dawa imemfumbua yeye, mimi itanifanyaje?

Saa mbili asubuhi, kabla mwanyumba hajafika, nilifungua chupa ya namba sita nikapiga mafunda mawili. Ina ladha ya maji. Dawa za kisasa hazina ladha, hilo najua. Namba sita alinitazama bila kunilaumu.

Ikafanya kazi mara moja! Kufikia saa nne nilikuwa nimezishika hatua tisa za kwanza. Nikakumbuka hata jina la mwalimu wangu wa darasa la pili, ambaye sikuwa nikimtafuta.

Nyumbani mambo yalikwenda vingine. Niliambiwa nipitie kwa fundi miwani nichukue miwani ya mama mkwe, nikapitiliza. Niliacha mwavuli kazini. Nilimuuliza mke wangu swali, na alipomaliza kujibu nilimuuliza tena. Mama mkwe akasema "huyu" anazidi kuharibika. Hajui sayansi. Bila shaka dawa inafunga vilango vya mambo madogo ili makubwa yapate nafasi.

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Balaa. Nilisahau kwamba chupa hupimwa kwenye mizani asubuhi na jioni. Kazi ya kuzipima ni yangu mwenyewe. Hapo ndipo pa kuchanganyikiwa.

Daktari aliona kwamba namba sita anakunywa mara mbili ya wenzake. Hakukasirika. Alifurahi! Akasema huenda dawa inaleta kiu, na hakuna aliyetegemea hilo. Akaandika kwenye daftari neno "kiu" na alama ya kuuliza, kisha akapiga mstari chini yake. Akaniuliza kama nimeona dalili zozote. Nikasema kwamba kwa kweli panya huyo ana uso wa kiu.

Mwanyumba akauliza uso wa kiu ukoje. Hana kazi za kufanya, yule.

Ijumaa, tarehe 7 Machi

Suluhisho lilikuwa rahisi. Nikinywa, najazia kwa maji ya bomba. Nani atajua?

Nilikunywa, nikajazia. Nilijazia kwa macho, maana mwanyumba alikuwa anakuja kwenye korido na viatu vyake vinavyolia. Jioni tukapima. Chupa ya namba sita ilikuwa nzito kuliko asubuhi. Kwa gramu kumi na moja!

Daktari aliitazama mizani. Akaitazama chupa. Akamtazama panya. Kisha akauliza, taratibu kabisa, kama kuna uwezekano kwamba panya ameyarudisha maji. Mwanyumba akasema huenda mizani imeharibika, akaenda kuleta mawe ya kupimia. Tulitumia saa nzima kupima mawe. Mizani ni nzima. Daktari akakaa chini, akavua miwani, akasema amefanya kazi hii miaka kumi na minane na hajawahi kuona panya akinywa gramu kumi na moja pungufu ya sifuri.

Nilimwonea huruma. Nilikaribia kusema, nikaenda kurudisha mawe kabatini. Jambo jema ni kwamba nina hatua kumi na saba kichwani.

Jumapili, tarehe 9 Machi

Mwanyumba na mkewe walikuja kula mchana. Nimejaribu mpango wa pili, wa kuvuruga kumbukumbu ya adui.

Ulikuwa hivi. Nikiwa nanawa mikono, nikaanza kuzitaja hatua kwa sauti kama mtu anayejisomea, lakini kwa makosa ya makusudi. Ya saba nikaiita ya kumi na moja. Ya kumi na moja nikaiita ya nne. Nilirudia mara tatu yamwingie. Mwanyumba akala kimya. Hakukunja hata uso. Baadaye akamsaidia mama mkwe kuvaa miwani yake, ambayo ni yeye aliyeipitia kwa fundi, akaitwa mwanangu mara mbili kabla ya matunda.

Sasa mimi ndiye nisiyejua ya saba ni ipi.

Jumatatu, tarehe 10 Machi

Namba sita amepotea leo! Sekunde sabini na mbili. Alizunguka beseni zima, akapita juu ya pembe ya kijukwaa bila kusimama, akawa anainua pua huku na huku kana kwamba ameibiwa kitu. Ilikuwa wakati ule nilipoitwa mlangoni kupokea magunia ya chakula cha panya. Niliporudi kwenye stuli alinyooka moja kwa moja akapanda.

Sababu iko wazi. Nimemmalizia dawa. Siku nne nimekuwa nikinywa akili ya mzee wa watu!

Iliniuma kweli. Nilimtoa, nikamfuta kwa taulo, nikamwomba radhi. Kuanzia leo sigusi tena chupa yake. Nimehamia kwa namba tisa, ambaye ni mnene na ana akiba.

Jioni mke wangu aliniuliza nilikuwa namwita nani "mzee mwenzangu" aliponipigia simu mchana. Nikamwambia sikumbuki. Ni kweli, sikumbuki.

Jumatano, tarehe 12 Machi

Thelathini! Zote!

Nimezitia katika wimbo. Nimeziimba bafuni, nimeziimba nikipiga pasi, nimeziimba hadi mke wangu anazijua na mama mkwe anaomba zizimwe. Mke wangu aliniuliza ile ya kumi na tisa ina maana gani. Nikamwambia asinivuruge. Mtu anayeimba hatua thelathini akisimama kutafuta maana ataanguka. Maana ni kazi ya Daktari, kutaja ni kazi yangu.

Akanitazama kwa namna yake, akasema yeye hana haja na ofisi wala funguo, ila angependa nisishushwe kule chini kwenye mvuke, maana goti langu litakwisha. Nilikunywa maji, ya kawaida.

Leo kazini mwanyumba alikuwa na uso wa kijivu. Panya wake wamefika sekunde thelathini na nane tu. Wangu kumi. Nikampigapiga begani. Kuna watu wamezaliwa kushika funguo, na wengine kuosha vioo. Si kosa lake.

Ijumaa, tarehe 14 Machi

Nitajaribu kwenda kwa mpangilio, ingawa mpangilio wenyewe sijauona.

Alianza mwanyumba. Alitaja hatua ishirini na nane, akasahau mbili, akatazama dari, masikio yakawa mekundu. Moyo wangu ulicheza. Nikaitwa mimi. Nikasimama wima, nikazimwaga zote thelathini bila kituo, na tuni kidogo. Daktari alikuwa anafuata kwa kalamu. Nilipotaja ya kumi na tisa, kalamu ikasimama. Akaniomba niirudie. Nikairudia kwa sauti nzuri zaidi: baada ya kumtia panya majini, mfanyakazi arudi nyuma ya pazia asionekane, ili panya asimfanye yeye kuwa alama.

Akaniuliza kama hivyo ndivyo nifanyavyo. Nikasema mimi nafuata mwongozo neno kwa neno.

Akasema tufanye. Tukaingia chumba cha beseni, na kwa kuwa stuli ni moja, Daktari akaikalia yeye. Mimi nikabaki upande wa pili, karibu na mlango, nimesimama kwa heshima. Sikukumbuka pazia. Nani anakumbuka pazia siku kama hiyo? Nikamtia namba sita majini.

Alizunguka mara moja, akainua pua. Akapita kando ya kijukwaa, karibu kiasi cha kiganja, akakiacha. Akaja kwangu. Alivuka beseni zima, mzee yule, nusu mkia, akafika kwenye ukingo nilipo na kuanza kukwaruza kwa miguu ya mbele. Nilimtoa kwa sababu nilishindwa kumtazama. Namba tisa akaja kwangu. Namba kumi na moja akaja kwangu. Nikasogea dirishani, namba mbili akageuka katikati ya safari akanifuata dirishani.

Niliona aibu kubwa. Na pia, sijui niseme vipi, nilifurahi. Katika maisha yangu hakuna aliyewahi kuniona akafikiri nchi kavu iko pale.

Daktari akauliza huwa nakaa wapi. Nikasema hapo ulipokaa. Akauliza kila siku? Nikasema goti, Daktari. Akafumba macho. Akasema basi hawakujifunza beseni, wamenijifunza mimi, na wiki tatu zimekwenda na maji. Akasema kosa jingine ni lake, kumpa kila mtu panya wa rangi moja. Kisha, kwa kuwa hakukuwa na siri tena ya kulinda, akaifungua bahasha. Nyekundu: dawa. Buluu: maji matupu.

Hapo ndipo mdomo wangu uliponiponza. Nikasema kwa sauti, maji? Maji tu? Lakini mbona mimi ilinifanya nikumbuke yote?

Mwanyumba akashusha daftari. Daktari akanigeukia pole pole, na nikaona gramu kumi na moja zikipita machoni mwake. Akauliza nimekunywa mara ngapi. Nikasema sikumbuki. Akasema nikumbuke. Nikasema kila asubuhi, isipokuwa Jumamosi na Jumapili.

Akalitafuta lile neno "kiu" kwenye daftari lake, akalikata. Akasema amejua kumbe panya si peke yake anayeweza kukariri bila kujifunza. Nilimshukuru, kisha nikaona hakuwa ananisifu.

Kwa hiyo ile miwani, mwavuli, maswali yale ya kurudia, yote yalikuwa yangu mwenyewe. Hakuna dawa ya kulaumu. Jambo hili limenisumbua kuliko lile la kazi.

Jumatatu, tarehe 17 Machi

Funguo kapewa mwanyumba. Amezipanga kwa kufuata urefu. Nilimpa mkono, na kusema haki hakunicheka, alisema tu pole mwanyumba, na ilinikaa vibaya zaidi kuliko kama angecheka.

Nilikuwa nimeshavaa buti za mpira kwenda chini kwenye mvuke, Daktari akaniita. Alikuwa ametafakari. Akasema wale wazee kumi na wawili wamejifunza kumfuata mtu, na hiyo nayo ni kumbukumbu, ya namna nyingine. Kufuata alama iliyo wazi si sawa na kukumbuka mahali. Sasa anataka kujua kama kuvifunga vilango vile kunagusa na hiyo. Anaanza utafiti mpya, panya wengine, na anahitaji alama. Kazi yangu itakuwa kukaa kwenye stuli. Nisisogee, nisiongee, nisiguse chupa. Akarudia hilo la chupa mara mbili.

Nimeuona waraka wenyewe, umeshapigwa chapa. Chini ya kichwa cha "Vifaa" imeandikwa: beseni moja, stuli moja, saa mbili, mtu mmoja.

Mtu mmoja! Miaka saba nimefanya kazi pale sijawahi kuandikwa kwenye waraka wowote. Mwanyumba hayumo. Mwanyumba atafungua mlango na kufunga. Utafiti ukisomwa, atakayesomwa ni mimi.

Nilipowaeleza nyumbani, mke wangu aliuliza kama nitakaa kwenye ukavu. Nikasema ukavu kabisa. Akashusha pumzi, akaenda kunitafutia mto wa kukalia. Mama mkwe akasema huyu hatimaye amepata kazi anayoiweza.

Jumanne, tarehe 18 Machi

Siku ya kwanza. Nilikaa saa tatu bila kupepesa. Panya wapya walinitazama, wakaogelea ovyo, wakakwaruza kila mahali. Subira. Watanijua tu.

Ila nimewaza. Kama panya wangefanya vizuri kupita wa utafiti wowote uliopita, Daktari hangekuwa na la kufanya ila kunipa cheo. Msimamizi wa Alama, pengine. Kuna ofisi nyingine tupu, nayo ina dirisha. Kinachotakiwa ni mimi nijue mapema wepi wamepewa dawa, ili niwasaidie kidogo wenye shida, kwa kuinamisha bega tu upande unaofaa. Bega si kusogea.

Chupa safari hii zina vifuniko vya kijani na vya njano, na bahasha mpya mfamasia ameigundisha kwa gundi mara mbili. Haina neno. Kijani ndiyo dawa, sina shaka hata chembe. Safari ile nilikosea kwa sababu nilibahatisha rangi moja. Leo nimeonja zote mbili.